Wifi Yangu Aliyelifuta Daraja Letu

Siku niliyoolewa kijijini Mbashire, mtu wa kwanza kunicheka alikuwa wifi yangu, Nguhemen. Nilishuka kwenye mtumbwi na viatu vya kisigino, kwa sababu mama yangu alishikilia kwamba bibi harusi haendi kwa mumewe na ndala, na mguu wa kwanza tu ukazama kwenye matope hadi gotini. Nikadaka mkono ulionyooshwa mbele yangu.

"Karibu nyumbani, wifi," akasema yule dada mrefu mwenye miwani, akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Hicho kiatu kiache humo humo. Kila mtu hapa ameacha kitu kwenye mto huu."

Nilidhani ni utani tu. Mume wangu Orduen, ambaye ni mdogo wake, ndiye aliyenieleza baadaye. Baba yao, mzee Akaa, aliumwa tumbo mto Nyimve ukiwa umefurika. Hospitali iko ng'ambo. Wakambeba kwenye kitanda cha kamba hadi ukingoni, wakamsubiri mwenye mtumbwi, na mwenye mtumbwi akatazama yale maji akasema hathubutu. Mzee alikata roho pale pale, ameelekezwa uso upande wa hospitali. Nguhemen alikuwa sekondari ya bweni huko ng'ambo. Maji yalipopungua akavuka, akakuta kaburi limeshaota majani.

Hakuwa mtu wa kulizungumzia. Lakini kila alipokuja kutusalimia, akishuka mtumbwini alisimama kidogo akautazama mto, kama mtu anayemtazama jirani aliyewahi kumwibia.

Watoto aliowaacha walilelewa na mama yao, Mama Kashimana, kwa burukutu. Nimeonja pombe ya mtama ya wanawake wengi, lakini ya mama mkwe wangu watu walivuka mto kuifuata. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la tatu, na kilemba chake alikifunga kwa namna yake, kimeinuka upande wa kushoto. Pombe hiyo ndiyo iliyompeleka Nguhemen chuoni, na akirudi likizo alikuwa akibeba magunia ya mtama kichwani kama sisi wengine. Akawa mhasibu katika hazina ya jimbo, huko mji mkuu wetu, akaolewa na Tarhule, mwalimu wa jiografia mpole kupita kiasi. Siku Tarhule alipokuja kuposa, Mama alimuuliza ana nini cha kumpa binti yake. Tarhule akafikiri, akajibu, "Mama, mimi sina kelele." Mama akacheka, akamwongezea kibuyu. Mpaka leo husema ni jibu hilo lililomshinda.

Siasa ilimfuata Nguhemen kutoka sokoni. Wanaume wawili waliokuwa wakiwania kutuwakilisha katika Bunge la Jimbo walirushiana viti kwenye mkutano wa chama, mmoja akavunjwa kidole. Wanawake wa soko la viazi vikuu wakasema, hawa wametosha, tunamtaka binti wa Kashimana. Wakamtumia ujumbe. Akakataa. Wakaenda kwa mama yake. Mama akafunga safari hadi mji mkuu, akaingia nyumbani kwa binti yake na kuku wawili na maneno yake tayari.

"Miaka yote hii umekuwa ukiandika fedha za serikali zimekwenda wapi," akamwambia. "Sasa nenda ukaseme ziende wapi."

"Mama, siasa ina matusi."

"Na pombe je? Mimi nimetukanwa na walevi tangu hujazaliwa. Nimepungua nini?"

Akagombea, akashinda. Tarhule aliendesha gari la kuazima lenye kipaza sauti, na yeye mwalimu wa jiografia akapotea njia mara kwa mara, akawa anamnadi mke wake katika kata zisizomhusu. Tulicheka mwaka mzima. Bungeni akapewa kamati ya fedha, akajulikana kwa kuuliza maswali kwa upole mpaka mtu anajikuta amesema yote. Uchaguzi uliofuata gavana mpya akamteua Kamishna wa Fedha, mshika hazina yote ya jimbo. Tulisikia redioni, mchana, tukipepeta ufuta. Mama Kashimana alitoa chungu kizima cha burukutu bure, jambo ambalo hakulifanya kabla na hajalifanya tena.

Hamkuona wageni waliokuja baada ya hapo! Watu waliotupita njiani miaka yote bila salamu wakajua majina ya mbuzi wetu. Lakini kila mgeni wa Mbashire, mwenye shida yake na asiye nayo, mwishowe alifika kwenye jambo moja: daraja. Na Nguhemen mwenyewe ndilo aliloanza nalo. Bajeti yake ya kwanza daraja la Nyimve lilikuwamo. Wakaja mafundi na darubini zao za miguu mitatu, wakapigilia vigingi vyekundu huku na ng'ambo. Msimu huo wa mvua uchungu wangu ulianza kabla ya siku zake. Binti yangu Seember nilimzaa ukingoni, tukingoja mtumbwi wa kwenda hospitali, kwenye mvua, nimeshika kigingi kimojawapo kwa mikono miwili huku Mama Kashimana akinizuia upepo kwa kanga yake. Tukapona wote wawili. Mama akakipapasa kile kigingi akasema, "Huyu ndiye wa mwisho kuzaliwa hapa. Wajao watapita juu."

Kisha bei ya mafuta ikaanguka. Sisi huku hatuna kisima hata kimoja cha mafuta, lakini fedha ya jimbo inatoka serikali kuu Abuja, na ya Abuja inatoka kwenye mafuta, kwa hiyo kulipokauka kule, huku ndiko kulikopasuka midomo. Mishahara ikachelewa. Malipo ya wastaafu hayakuonekana kabisa.

Yaliyofuata alinisimulia Nguhemen mwenyewe, baadaye sana, tukimenya viazi. Wazee waliokuwa walimu walikuja kukaa nje ya ukuta wa hazina. Hawakupiga kelele. Walitandika mikeka, wakakaa. Yeye alikuwa akipita na gari lenye vioo vyeusi, asubuhi na jioni, hadi siku moja akaona shati la buluu lililopigwa pasi likakaa mistari, akamwambia dereva asimame. Lilikuwa shati la Mwalimu Ikpa, aliyemfundisha kusoma. Alimjua kwa jinsi alivyokaa, mgongo wima kama yuko mbele ya darasa. Meno yote yalikuwa yameng'oka.

Akashuka, akapiga magoti mkekani.

"Nguhemen binti Akaa," mzee akamwambia kwa ile midomo iliyoingia ndani. "Umekula?"

"Mwalimu, mimi ndiye wa kukuuliza wewe."

"Nimekuuliza kwanza mimi. Ulikuwa mtoto wa kujisahau kula."

"Nimekula, Mwalimu."

"Vizuri. Nenda kazini, utachelewa."

Hakumwomba kitu. Laiti angeomba, Nguhemen aliniambia, angempa cha mkononi mwake akaenda zake. Alipofika ofisini alifunga mlango akalia, kisha akanawa uso, akawaita watu wake. Kwa juma zima walipitia kila kilichokuwa kwenye bajeti kinachoweza kusubiri, na kila ukurasa ukawarudisha kwenye barabara, majengo na madaraja. Akayapeleka kwa gavana. Gavana akasoma, akavua miwani.

"Hili la Nyimve si la kwenu?"

"La kwetu, Mheshimiwa."

"Na umelifuta?"

"Nimeanza nalo. Nikiliacha la kwetu nikafuta ya wenzangu, nitawatazama kwa macho gani?"

Gavana akachukua kalamu. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi Mungu akusaidie," gavana akasema, akatia sahihi.

Wazee wakalipwa. Si yote, lakini wakalipwa, na mikeka ikaondoka ukutani.

Angeweza kututumia mtu. Angeweza kutuacha tusikie redioni. Alikuja mwenyewe, Jumamosi, na Tarhule, wakavuka na mtumbwi, wakakaa kwenye kile kibanda cha duara katikati ya boma letu tunachopokelea wageni. Watu walidhani ameleta siku ya kuanza ujenzi. Wanawake walikuja na vigelegele vimeshaanza njiani. Akasimama, akasema moja kwa moja, "Daraja halijengwi. Fedha ilikuwapo ya kitu kimoja, nami nimechagua wazee. Mimi ndiye niliyechagua, msimlaumu gavana."

Vigelegele vikakatika. Kisha mwenye mtumbwi, mtu ambaye daraja lingemnyima kazi, akacheka peke yake, akanyamaza kwa aibu.

"Wazee wa wapi?" mtu akauliza. "Wa hapa?"

"Wa jimbo zima."

"Kwa hiyo sisi tuendelee kufa, wa jimbo zima wale."

"Msimu huu wa mvua nitaleta boti ya injini..."

"Boti! Kaleta boti! Baba yako angekusikia."

Hapo ndipo Nguhemen alipomgeukia mama yake. Sote tukamgeukia. Mama Kashimana alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kilemba kimeinuka kushoto, hatazami mtu. Akainuka, akakung'uta kanga yake, akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango. Si kwa kishindo. Aliufunga polepole mpaka ukalia komeo, na nadhani kishindo kingekuwa nafuu.

Nisidanganye, hata mimi nilikasirika. Nilikuwa na Seember mgongoni. Nilimwambia wifi yangu, "Umeshika kigingi kile? Hujakishika. Mimi nimekishika." Akasema, "Najua, Wantor." Tarhule akamshika mkono wakashuka hadi mtoni, na hapakuwa na mtu wa kuwasindikiza.

Kununa kwa mama mkwe wangu ni kazi ya ufundi. Hakumtukana binti yake, hakumsema kwa watu. Aliacha tu kumsemesha. Simu aliyopewa na binti yake aliirudisha kwa dereva wa ile boti ya injini, iliyokuja kweli, imefungwa kwenye jani la mgomba kama samaki. Nguhemen alipokuja, kwa maana hakuacha kuja, Mama alizungumza naye kupitia kwangu, sote watatu tumekaa mahali pamoja.

"Wantor, mwambie Kamishna chakula kiko tayari."

"Wifi, Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie Mama asante, na nimemletea dawa ya magoti."

"Mwambie Kamishna magoti yangu ni ya mtu maskini, hayajui dawa ya mjini."

"Mwambie Mama dawa hii wanameza maskini vilevile."

"Jamani!" nikasema. "Mimi ni mke wa mtu au ni redio?"

Nguhemen akacheka. Nikamwona na Mama ameuma mdomo ili asicheke. Lakini hakusema naye. Usiku tulimsikia akigeuka kitandani, na asubuhi zile dawa zilikuwa zimepungua, na mimi nikajifanya sijaona.

Ukaja msimu wa mavuno, na pamoja nao kwagh-hir, mashindano ya vile vinyago vyetu vya mbao vinavyocheza juu ya majukwaa, na mtu amejificha ndani akivuta kamba. Kundi la Mbashire linaongozwa na mume wangu. Orduen ni mchongaji tangu utotoni, na safari hii alijifungia kwenye kibanda chake hataki mtu aingie. Niliingia. Nikakuta kinyago cha mwanamke mrefu, ana kilemba na miwani, mkono mmoja mkoba uliofungwa mdomo kwa kamba, mwingine kifutio. Mbele yake kijidaraja kidogo. Ukivuta kamba mkono unafuta, daraja linazama.

"Huyu ni dada yako."

"Ni kinyago."

"Orduen, kina kidoti hapa shavuni. Umemchonga mpaka kidoti."

"Watu wameniomba. Na kila mwaka tunawacheka wakubwa. Nimwache kwa sababu tumelala tumbo moja? Si ndivyo yeye mwenyewe alivyofanya? Ameanza na la kwao."

Nilimpigia Nguhemen simu nikamwambia asije mwaka huu, nikasema kuna homa. Akaniuliza, "Wamenichonga?" Nikarudia habari ya homa. "Nakuja," akasema.

Alikuja jua linazama, peke yake, amevaa ile nguo yetu ya mistari myeusi na myeupe, akakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Waliomzunguka walisogea kidogo. Makundi mengine yalitangulia: simba wao, mwindaji, daktari wa mjini mwenye sindano kubwa kama mchi. Kisha ngoma za Mbashire zikalia na kinyago chetu kikatoka, kikiyumba juu ya jukwaa lake, kikigeuza kichwa huku na huku kwa majivuno. Watu walimtambua hapo hapo. Uwanja mzima ukaruka. Mwimbaji akaanza:

"Kamishna, Kamishna, una nini mkobani?"

"Hewa!" wakaitikia watu.

"Tumekuomba daraja, umetupa nini?"

"Hewa!"

Mkono ukafuta, daraja likazama, watu wakalala chini kwa kucheka. Nguhemen naye alicheka. Kweli ilichekesha, ndugu yake ana kipaji. Alicheka mara ya kwanza na mara ya pili. Daraja lilipozama mara ya tatu kuna mtu nyuma akapaza sauti, "Limekufa kama baba yake!" Nikaona kicheko kinamkauka usoni, mikono inatafuta mahali pa kukaa.

Mama Kashimana akainuka.

Alikatiza uwanjani, na magoti yake yale, hana haraka. Mwimbaji alimwona akaendelea kwa wasiwasi, kisha akaacha. Ngoma zikaacha moja moja. Aliyekuwa ndani ya jukwaa hakujua kitu, kwa hiyo kinyago kikaendelea kufuta peke yake katika kile kimya, kufuta, kufuta, mpaka Mama akagonga jukwaa kwa kofi.

"We humo ndani, tulia."

Kikatulia.

"Mtoto huyu nimemnunia," akasema, na sauti ile ya kufika shamba la tatu haikuhitaji kipaza. "Mwaka huu wote nimemnunia, na nikitaka nitamnunia na mwaka ujao. Ni haki yangu, nimemzaa. Nyinyi mcheke, ndiyo kazi ya vinyago. Lakini aliyemtaja mume wangu asogee hapa anitajie usoni."

Hakusogea mtu.

"Tena Orduen, umechonga vibaya." Akanyoosha mikono juu, akakivua kinyago kilemba chake. "Binti yangu hafungi kilemba hivi, kama mzigo wa kuni. Nimemfundisha mimi." Akakifunga upya pale pale, taratibu, akikunja na kuchomeka, mpaka kikainuka upande wa kushoto. Akarudi nyuma hatua moja, akakitazama. "Haya. Endeleeni."

Akatoka uwanjani, lakini hakurudi kwenye kigoda chake. Akaja kwenye mkeka wetu akamwambia Nguhemen, "Sogea." Lilikuwa neno la kwanza tangu ile Jumamosi. Nguhemen akasogea. Wakakaa bega kwa bega, wakatazama mchezo mpaka mwisho, na mwimbaji, aliyekosa pumzi, akauliza mara moja tu tena kuna nini mkobani, na waliojibu walikuwa wachache. Tulipata nafasi ya pili. Orduen hadi leo anasema mama yake ndiye aliyemkosesha ya kwanza.

Asubuhi niliwakuta wanamenya viazi nje ya jiko.

"Huyo mwalimu wako," Mama alikuwa akisema, macho kwenye kisu. "Amelipwa kweli?"

"Amelipwa, Mama."

"Kanunua nini?"

"Meno."

"Nini?"

"Meno ya kubandika. Alikuja ofisini kunionyesha. Alikuwa anatafuna karanga."

Mama akaacha kumenya. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kikamjaa hadi akaweka kisu chini. "Karanga," akasema. "Daraja langu linatafuna karanga." Kisha kweli akalia kidogo, na Nguhemen akamkumbatia, viganja vikiwa na utelezi wa viazi. Mimi nikaenda kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika.

Msiseme kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Muhula ulipokwisha Nguhemen aliomba kura zetu arudi bungeni, na Mbashire ilimnyima. Sikumuuliza Orduen alimpigia nani, naye hakunieleza. Serikali ikabadilika. Gari lenye vioo vyeusi likarudishwa, na watu wa mjini wakashangaa kuona yeye na Tarhule wamebaki kwenye nyumba ile ile ya kupanga, yenye mapazia yale yale. Wengine walimsifu. Wengine wakasema ni mjinga, amekaa jikoni akalala njaa. Yeye alisema tu kwamba amechoka.

Daraja lilijengwa na serikali iliyofuata, mafuta yalipopanda bei. Siku ya kulifungua viongozi wapya walihutubia sana, na jina la wifi yangu halikutajwa. Alikuwapo, amesimama nasi juani, akapiga makofi. Walimtaka Mama Kashimana avuke wa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa wa umri upande wetu. Akakataa kata kata.

"Nivuke niende wapi? Wateja wangu wanatoka ng'ambo. Waje wao."

Ikabidi avuke Seember, mikono mifukoni kama mwenye mali.

Tarhule alipostaafu walihamia kwetu. Walijenga nyumba ya vyumba vichache karibu na ya Mama, kwa sababu yale magoti yalikuwa yameshakataa kazi. Nguhemen humwogesha, humfunga kilemba, hugombezwa kwamba hakukivuta vizuri. Tunalima ufuta pamoja, mimi na yeye. Ni mkulima wa wastani. Anaongea sana shambani, na jembe lake husimama kila linapokuja neno tamu. Sikuwahi kuwa na dada. Mama yangu alizaa wavulana watupu. Namshukuru Mungu kwa mchana ule wa matope.

Juzi juzi wamekuja watu wa chama, magari mawili. Wakakaa kwenye kibanda cha wageni wakasema jimbo limekwama, gavana mtarajiwa anamtaka arudi kushika hazina, wote wanakumbuka msimamo wake. Waliongea vizuri. Tarhule alikuwa mlangoni, na kwa jinsi alivyokaa nilijua kwamba akiambiwa ndiyo ataanza kufunga mizigo bila swali. Mimi nilikuwa napepeta, moyo una choyo. Nilitaka akatae.

Akawasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akakataa. Wakambembeleza. Akakataa tena, kwa ule upole wake wa bungeni, mpaka wenyewe wakajikuta wanamwomba radhi.

Walipoinuka nikamsogelea. "Wifi, kwa nini? Usiniambie ni kwa ajili ya Mama."

Akachota ufuta kwenye ungo wangu, akaupitisha kiganja kimoja hadi kingine.

"Kazi ile ni ya kusema hapana, Wantor. Asubuhi hapana, jioni hapana, na wanaoomba wote wana haki. Niliiweza. Lakini sasa nataka kukaa mahali ambapo mtu akiniomba chumvi, nampa."

Nilitaka kumjibu neno, ila Mama Kashimana aliita kutoka ndani, sauti bado ile ile.

"Nani hao walikuwa wanaongea?"

"Watu wa chama, Mama. Wameondoka."

"Wamekula?"

Tukatazamana.

"Wameondoka mikono mitupu? Kwangu? Nguhemen!"

Wifi yangu akanyakua beseni la viazi vikuu lililokuwa kando ya ukuta, akaliweka kichwani, akatoka mbio nyuma ya vumbi la magari, ndala moja mguuni na nyingine ameishika mkononi, akimpigia kelele dereva asimame.